Tamasha la mvinyo Stellenbosch: nionje nini, niteme nini, nirudi na chupa zipi?

SWALI

"Habari za kazi, mtaalamu. Ninaishi Dodoma, Area C, na mvinyo niliouzoea ni huu wetu mwekundu mtamu. Mwezi ujao ninakwenda Cape Town kwa mafunzo ya kazi, na wenyeji wetu wametukatia tiketi za tamasha la kuonja mvinyo kule Stellenbosch. Wanasema mabanda ni mengi, hakuna anayeweza kuyamaliza. Sitaki kulewa mbele ya mabosi, wala sitaki kujifanya ninajua nisichokijua. Nitaonjaje, na nitajuaje ni upi ninaoupenda kweli? Je, ni ushamba kupenda mvinyo mtamu? Nirudi nyumbani na chupa zipi? Nimefikiria pia kubeba chupa moja ya Dodoma niwaonjeshe. Wataionaje?"

JIBU

Salama, dada. Hongera kwa safari, na hongera zaidi kwa kuuliza mapema, maana wengi huniuliza wakiwa wameshaumwa kichwa.

Nianzie kwenye chupa za kurudi nazo, kwa sababu hizo ndizo zitakazokuongoza ukiwa ndani ya uwanja. Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inamruhusu msafiri mtu mzima kuingia na mvinyo usiozidi lita mbili bila ushuru. Chupa ya kawaida ina mililita 750, kwa hiyo chupa mbili ni lita moja na nusu. Inabaki nusu lita, na kule Cape kuna mvinyo mtamu unaofungwa katika chupa za ujazo huo huo. Basi kazi yako tamashani ni kutafuta chupa moja nyeupe, moja nyekundu, na ndogo moja tamu. Mtu anayetafuta vitu vitatu hapotei hata mabanda yawe mia. Anayekwenda "kuonjaonja tu" ndiye utakayemkuta saa kumi jioni amekaa chini ya mti, glasi mkononi, hakumbuki hata jina la banda alilolipenda.

Sasa kulewa. Mhudumu akikumiminia mililita 30 kila mara, mionjo 25 ni chupa nzima umekunywa peke yako, na mvinyo wa kule mara nyingi una kileo cha asilimia 13 au 14. Ndiyo maana watu wa kazi hii hutema. Kutema si madaha wala si dharau kwa aliyekumiminia. Mabandani huwekwa ndoo au chombo cha kutemea, na mtengenezaji mwenyewe atatema mbele yako. Jifunze nyumbani, bafuni, kwa maji: piga funda dogo, lizungushe kinywani, kisha bana midomo kama anayetaka kupiga mluzi na usukume kwa ulimi yatoke kwa mkondo mmoja. Mara za mwanzo yatakudondokea kidevuni. Afadhali yakudondokee bafuni kuliko kwenye blauzi nyeupe mbele ya bosi. Kwa kweli siku hiyo usivae nyeupe kabisa.

Hata ukitema, kuna kidogo kinachopita kooni, kwa hiyo kula chakula cha maana kabla ya kwenda, tembea na chupa ya maji, na gari aendeshe mwingine. Ukiwa kwenye dozi ya Flagyl, tiketi mpe mwenzako.

Jambo moja ambalo wageni kutoka kwetu husahau ni manukato. Nguo iliyofukizwa udi inakaa na harufu siku nzima, na wewe unayeivaa huisikii tena, lakini pua yako inafanya kazi ndani ya moshi huo, na jirani yako kwenye foleni pia. Siku ya tamasha usijifukize, usijipake marashi, mafuta ya nywele yawe yasiyo na harufu kali. Rangi ya mdomo nayo huganda kwenye ukingo wa glasi na kuharibu kila mwonjo unaofuata.

Kwa kawaida tiketi huja na glasi yako, na kwingine hupewa pia kuponi za kubadilisha kwa mionjo. Glasi ishike kwenye mguu wake, si kwenye tumbo, usiupashe mvinyo joto bila kukusudia. Fika mapema. Saa ya kwanza wenye mashamba wanakuwa wamesimama wenyewe mezani na wana hamu ya kuzungumza. Baadaye muziki unapanda, foleni inarefuka, na anayekumiminia ni kijana wa kibarua asiyejua shamba liko upande gani wa mlima.

Ukishaingia, shika zabibu moja uifuate. Kwako wewe, zabibu hiyo ni Chenin Blanc.

Nasema Chenin kwa sababu ni yako. Mvinyo mweupe mwingi wa Dodoma unatokana nayo. Mizabibu yetu ina historia yake tangu wamisionari walipoipanda Bihawana, na leo ukipita Hombolo au Makutupora utaikuta Chenin ikiota jirani na ile nyekundu tunayoiita Makutupora. Kule Afrika Kusini nako, Chenin ndiyo zabibu ya mvinyo iliyopandwa kuliko zote, karibu sehemu moja ya tano ya mizabibu yote ya nchi, zaidi hata ya Ufaransa ilikotoka. Wazee wa kule waliiita Steen, na bado utaliona jina hilo kwenye chupa chache. Kwa hiyo hata kama hujawahi kuonja mvinyo wa nje, una kipimo tayari. Kabla hujasafiri nunua chupa ya Chenin ya Dodoma iliyo kavu, yaani ile ambayo sukari ya zabibu imegeuka karibu yote kuwa kileo. Ionje polepole jioni mbili tatu hadi uikumbuke kichwani.

Ukifika Stellenbosch utashangaa kwamba zabibu ni ile ile na mvinyo si ule ule. Dodoma ipo takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na mzabibu wetu haulali. Unapogolewa mara mbili na kuvunwa mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi na tena karibu na Agosti na Septemba. Stellenbosch ipo nyuzi 34. Mizabibu inapukutisha majani na kulala majira ya baridi, mvua inanyesha Juni hadi Agosti, na mavuno ni mara moja tu, kuanzia mwisho wa Januari. Kiangazi upepo kutoka baharini, upande wa False Bay, unazipoza zabibu. Zabibu inayoiva taratibu namna hiyo hubaki na uchachu wake, na uchachu ndio utakaousikia kwanza: mate yatakutiririka pembeni mwa ulimi kabla hujatema. Usiseme "umeharibika". Chenin nzuri iko hivyo, na ukishaizoea utaona ule mtamu wa kawaida unachosha haraka.

Tafuta Chenin za aina nne hivi, kwa utaratibu huu. Ya kwanza iwe changa, iliyochachuka kwenye tangi la chuma na kufungwa mwaka ule ule. Hiyo itanukia mapera na nanasi, itakuwa nyepesi na bei yake itakuwa ndogo. Ya pili iwe iliyokaa kwenye pipa la mwaloni. Hapo utasikia vanila, mkate uliobanikwa, pengine karanga. Ya tatu iwe ya mizabibu mizee. Afrika Kusini kuna mradi unaotunza mashamba yenye miaka 35 na kuendelea, na chupa zake zina lakiri, yaani kibandiko cha muhuri, inayoonyesha mwaka mizabibu ilipopandwa, kwa hiyo unaweza kushika mkononi Chenin ya mizabibu iliyopandwa kabla mama yako hajaolewa. Mzabibu mzee huzaa matunda machache, na mvinyo wake mara nyingi una uzito mdomoni bila kuhitaji msaada wa pipa. Nyingi za namna hiyo zinatoka Swartland, kaskazini mwa Stellenbosch. Ukiliona jina hilo bandani, simama. Ya nne iwe yenye utamu kidogo. Ukipita kwenye banda la mvinyo wa mapovu, uliza pia kama wana wa Chenin. Ule wa kwanza wa Afrika Kusini kuchachushwa mara ya pili ndani ya chupa, Kaapse Vonkel wa shamba la Simonsig, mavuno ya 1971, ulitengenezwa kwa zabibu hiyo hiyo.

Kwenye kila glasi, nusa kwanza bila kuizungusha, kisha izungushe unuse tena. Piga funda dogo, livutie hewa kidogo kupitia meno (watu wote watakuwa wanafanya kelele hiyo, usione haya), liache lipite kila pembe ya kinywa, tema, halafu nyamaza. Kinachotokea baada ya kutema kinaeleza mengi kuliko kilichotangulia. Mvinyo wa kawaida unapotea mara moja. Mzuri unakaa, na unapokaa unabadilika: ulianza na pera, unaishia na asali au ganda la limau. Ukibakiza joto tu kooni, ujue kileo kimezidi tunda.

Mhudumu muulize maswali matatu: mizabibu ina umri gani, mvinyo ulikaa kwenye pipa au tangi, na una sukari kiasi gani kwa lita. Hayo ni maswali ya mtu anayejua anachokitafuta, na hayakulazimishi kujifanya chochote. Kwenye mvinyo mkavu utatajiwa gramu chache tu. Soda, kwa kulinganisha, ina zaidi ya gramu 100 kwa lita. Ndiyo maana ulimi uliolelewa na soda na chai ya sukari nyingi unaukunjia uso mvinyo mkavu siku ya kwanza.

Utawasikia watu mezani wakitaja matunda ya Ulaya ambayo hujawahi kuyala. Usiyarudie. Taja ya soko la Majengo: pera, nanasi, embe bichi, zambarau, ukwaju, ubuyu, karafuu, pilipili manga, kahawa iliyokaangwa, vumbi la mvua ya kwanza. Kumbukumbu ya pua haiazimwi, na ukiandika neno la mwingine kwenye simu yako jioni halitakukumbusha kitu. Ntsiki Biyela alikulia kijijini KwaZulu-Natal bila kuonja mvinyo hata siku moja, akapata ufadhili wa kusomea utengenezaji wa mvinyo Chuo Kikuu cha Stellenbosch, na amesimulia kwamba alipoonja mara ya kwanza hakuupenda hata kidogo. Leo anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza mweusi wa Afrika Kusini kuwa mtengenezaji mkuu wa mvinyo, na kampuni yake aliipa jina la bibi yake, Aslina. Ukiona banda la Aslina, nenda, na usimwonee haya mtu yeyote atakayekuwapo hapo.

Chenin zikishakwisha, kunywa maji, kaa robo saa, kisha nenda kwenye nyekundu. Hapa tena chagua zabibu moja: Pinotage. Cabernet na Shiraz utazikuta popote duniani, Pinotage ni ya hapo hapo. Mwaka 1925 Profesa Abraham Perold wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch alichavusha Pinot Noir kwa Cinsaut, ambayo wakati huo kule iliitwa Hermitage, akapata mbegu nne akazipanda kwenye bustani ya nyumba yake ya chuo. Akahama kikazi akaziacha. Bustani ilipokuwa ikifyekwa, mhadhiri kijana, Charlie Niehaus, alipita akaijua ile miche, akaiokoa. Chupa ya kwanza kuandikwa jina la Pinotage, mavuno ya 1959, iliingia sokoni 1961 chini ya nembo ya Lanzerac.

Pinotage ina wapenzi na maadui. Ikitengenezwa vibaya inanuka rangi ya ukutani au mpira ulioungua. Ikitengenezwa vizuri ina zambarau, moshi kidogo na ukakasi wa kiasi. Ukakasi unaujua, ni ule unaokukausha ufizi ukila bibo la mkorosho. Mvinyo mwekundu una huo kutokana na maganda na kokwa za zabibu, na wewe uliyezoea ule wetu mtamu utauona mkali zaidi kwa sababu hakuna sukari ya kuufunika. Usiukatae kwa funda la kwanza. Funda la kwanza la mvinyo mwekundu mkavu huwa ni la kusafisha kinywa tu, la pili ndilo la kuhukumia.

Utakutana pia na Pinotage inayonukia kahawa na chokoleti kiasi kwamba unaweza kudhani wameitia. Hawajaitia, ni mbao za mwaloni zilizochomwa sana ndizo zinazotoa harufu hiyo. Mtindo huo ulianzia shamba la Diemersfontein mwanzoni mwa miaka ya 2000 na umependwa mno. Mimi siuonei raha, naona mbao zimeimeza zabibu, lakini huwa nawapa wanaoanza kunywa nyekundu na karibu wote wanaomba tena. Onja, uamue mwenyewe. Ukiupenda, nunua, mimi sitakuwapo mezani kwako.

Hapo ndipo tunafika kwenye swali lako gumu, la kujua unaoupenda kweli. Tatizo si ulimi wako. Tamasha lenyewe linaudanganya ulimi, na njia zake zinajulikana.

Mpangilio ni mdanganyifu wa kwanza. Ukitoka kwenye mtamu ukaingia kwenye mkavu, mkavu utaonekana siki. Ukitoka kwenye mwekundu mzito ukaonja Chenin nyepesi, utadhani ni maji. Kwa hiyo mapovu na nyeupe changa kwanza, kisha nyeupe za pipa, kisha nyekundu, na tamu mwisho kabisa. Ubaridi ni wa pili: nyeupe hutolewa kwenye barafu, na ubaridi huo unaficha harufu, nzuri na mbaya. Glasi ikikupa mashaka, hapo ndipo uikumbatie kwa viganja dakika mbili kisha uinuse upya. Nyekundu zilizokaa ndani ya hema la jua zina shida kinyume chake, zimepata joto na kileo kinawaka. Uliza kama wana chupa iliyokuwa kivulini. Wa tatu ni jibini. Mafuta na chumvi ya jibini hulainisha ukakasi, na kila mvinyo mwekundu unaonekana mzuri. Wauzaji wanalijua hilo kuliko wewe, ndiyo maana sahani ya jibini ipo karibu na mashine ya kulipia. Wewe kula mkate mkavu na maji, jibini uifikie ukishaamua.

Na macho. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux walichapisha jaribio ambalo wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wakauelezea kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Hao walikuwa wanasomea kazi hiyo, kwenye mji wa mvinyo. Basi wewe na mimi, tukiona lebo ya dhahabu na chupa nzito, tutaacha kudanganyika?

Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Katika mzunguko wa kwanza usinunue chochote. Piga picha lebo, andika maneno mawili matatu, na weka alama moja tu: je, ningemaliza glasi nzima ya huu nikiwa mezani na chakula? Si "ni mzuri?" wala si "umepata tuzo?" Kuna mvinyo wenye kishindo unaokushinda kwa funda moja, na ukipewa glasi nzima unaiacha nusu. Mwisho wa mzunguko utabaki na nyeupe mbili na nyekundu mbili. Rudi kwa hizo. Mwombe mwenzako mmoja akashike glasi mbili, akazimiminie, akuletee bila kukuambia ipi ni ipi, nawe ufumbe macho. Utakayoichagua hapo ndiyo yako. Zikikushinda kutofautisha, chukua ya bei nafuu, na hilo nalo ni jibu halali.

Fikiria pia sahani itakayokuwa mezani nyumbani, si ile ya pale tamashani. Kuku wa kienyeji na ugali, au samaki wa Mtera, vinapatana na Chenin ya pipa. Chakula chenye pilipili kinataka ile Chenin yenye utamu kidogo, kwa sababu kileo kingi na ukakasi huamsha pilipili. Mbuzi wa kuchoma apewe Pinotage. Mlenda sijapata mvinyo wake.

Kuhusu utamu, hakuna ushamba wowote. Mvinyo wa kwanza wa kusini mwa Sahara kujulikana dunia nzima ulikuwa mtamu. Ulitoka Constantia, nje kidogo ya Cape Town, shamba alilopewa gavana Simon van der Stel mwaka 1685. Ulinywewa na wafalme wa Ulaya, na Napoleon alikuwa akipelekewa kisiwani St Helena alikofungwa. Ulififia mwishoni mwa karne ya 19, kisha shamba la Klein Constantia likaufufua katika miaka ya 1980 kwa jina la Vin de Constance. Chupa yake ni ya nusu lita. Bei yake ni ya wafanyakazi watatu kuchangishana ndipo muipate chupa moja, kwa hiyo kama mahali fulani wanauonjesha, onja hata kama hununui, ili ujue utamu unaweza kufika wapi. Kinachotofautisha mvinyo mtamu mzuri na sharubati ni uchachu ulio chini ya sukari: unameza, mdomo unabaki safi, unataka tena. Ukibaki umeganda midomo, achana nao.

Kwa bei ya kibinadamu tafuta ule unaoandikwa Noble Late Harvest, ambao zabibu zake, mara nyingi Chenin, huachwa mtini hadi ukungu maalumu uzinyonye maji na kubakiza sukari. Huuzwa katika chupa ndogo. Ukipenda kitu kilicho karibu zaidi na dompo, ule mvinyo wetu mtamu uliouzoea, kuna Muscadel ya upande wa Robertson, iliyoongezwa pombe kali. Hiyo mara nyingi huwa ya chupa kubwa, hesabu yako ya lita mbili iangalie upya.

Kabla hujalipa, geuza chupa utazame shingo. Tangu 1973 Afrika Kusini ina utaratibu wa kuthibitisha mvinyo unatoka wapi, na chupa iliyopimwa ina lakiri ndogo yenye namba. Ikiandikwa jina la zabibu moja, lazima angalau asilimia 85 ya mvinyo iwe ya zabibu hiyo. Mimi huangalia pia kama lakiri inataja haki za wafanyakazi, zinazokaguliwa na chombo kinachoitwa WIETA. Mashamba yale mazuri utakayoyaona, yenye nyumba nyeupe na mialoni, yalijengwa kwa mikono ya watumwa, baadhi yao kutoka Madagaska na Msumbiji, na hata baada ya utumwa kufutwa, kwa vizazi wafanyakazi walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo wa ovyo. Waliuita mfumo huo dop. Ulipigwa marufuku kisheria, lakini desturi ilibaki mashambani miaka mingi baadaye, na madhara yake yapo hadi leo katika familia za pale. Kati ya chupa mbili ninazozipenda sawa, nachukua yenye lakiri hiyo.

Chupa haziingii kwenye mkoba wa mkononi, kwa sababu kikomo cha vimiminika ndani ya ndege ni mililita 100. Kila moja ivalishe soksi nene, itie ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na uilaze katikati ya nguo kwenye begi kubwa. Chupa iliyojaa ina zaidi ya kilo moja, ya kioo kinene inakaribia moja na nusu, kwa hiyo acha nafasi ya kilo nne kwenye mzigo wako. Ukifika Dodoma usizifungue siku hiyo hiyo. Zilaze chumba cha giza kilicho baridi kuliko vyote, si juu ya friji ambako joto la mashine linapanda. Nyeupe itie ndani ya friji saa mbili kabla ya kunywa, na nyekundu nayo nusu saa. Ushauri wa kunywa nyekundu katika joto la chumba uliandikwa na watu wa vyumba vya nyuzi 18, si watu wa Oktoba ya Dodoma.

Na chupa ya kuwapelekea, beba. Afrika Kusini nayo inaruhusu lita mbili za mvinyo. Tamashani kwa kawaida hawakubali kuingia na chupa, kwa hiyo iache hotelini, na mwombe mmoja wa watengenezaji utakayezungumza naye vizuri akukaribishe shambani siku inayofuata. Wengi watakubali, hasa ukiwaambia mzabibu wenu unavunwa mara mbili kwa mwaka. Watadhani wamekusikia vibaya. Chukua Chenin kavu ya mavuno ya karibuni, ipoze vizuri. Waache wakumiminie yao kwanza, kisha mimina yako kwenye glasi zile zile, funika lebo kwa leso, na usitaje Dodoma hadi wamalize kuandika.